Kupiga Pasipo Kuua: Habari za Chama cha Wapiga Picha Chini ya Maji na Mashindano Yao

Kiswahili kina kitenzi kimoja kilichobebeshwa mizigo mingi kuliko punda wa Lamu. Twapiga hodi, twapiga ngoma, twapiga pasi, twapiga kura. Na mtu wa pwani hupiga mbizi, akifika chini humpiga samaki kwa mshale, na siku hizi aweza pia kumpiga picha. Katika makala haya tumekusudia kueleza habari za watu waliohama kutoka pigo la mshale wakaingia katika pigo la picha, wakaunda chama, na wakawekeana mashindano yenye taratibu zake.

Ndugu msomaji ana haki ya kutuuliza: chama chenyewe ni cha Waingereza, kilizaliwa London, maji yao ni ya baridi na ya ukungu, basi habari zake zafuata nini katika kitabu cha utamaduni wa taifa letu? Jibu letu ni kwamba namna watu wanavyoshindana ni sehemu ya utamaduni, nasi tulio watu wa malumbano ya mashairi na mashindano ya ngalawa hatuwezi kusema jambo hilo halituhusu. Tena, kama itakavyoonekana mbele, mmoja wa waanzilishi wa chama hicho alikuja kuzama katika bahari hii yetu, na alichokitafuta humo wavuvi wa huku walikuwa wakikijua tangu zamani.

Lakini tuanze mbali kidogo. Mwaka 1856 mwanasheria mmoja wa Kiingereza, William Thompson, aliitia kamera ndani ya kasha, akalifunga kasha kwenye mti mrefu, na kuliteremsha katika ghuba ya Weymouth, kina cha mita 5 na kitu. Yeye mwenyewe alibaki juu mashuani. Maji yalipenya ndani ya kasha, hata hivyo bamba la kioo lilitoka na sura hafifu ya mawe na mwani. Mtu wa kwanza kuifanya kazi hii kwa bidii ya kielimu ni Mfaransa Louis Boutan, mtaalamu wa elimu ya wanyama, aliyezama mwenyewe huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893 akiwa amevaa vazi zito la wazamiaji wa zama zile, na kamera yake imo katika kasha lililobuniwa na nduguye Auguste. Mwanga wa chini ulikuwa mchache hata picha moja iliweza kuhitaji nusu saa. Samaki gani atakubali kutulia nusu saa akitazamwa? Mwaka 1926, katika visiwa vya Dry Tortugas upande wa Florida, Wamarekani W. H. Longley na Charles Martin waliwasha unga wa magnesiamu juu ya chelezo ili mwanga uwafikie samaki walio chini. Wakapata picha za rangi za kwanza za samaki ndani ya maji, zikatolewa na gazeti la National Geographic mwaka uliofuata.

Hao walikuwa wataalamu, na kazi yao ilikuwa elimu. Watu wa kawaida waliingia baharini kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa uwindaji. Kijana wa Vienna, Hans Hass, alijifunza kuwapiga samaki chusa kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa mwaka 1937. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu ambacho jina lake kwa Kijerumani lina maana ya kuwinda chini ya maji kwa chusa na kamera. Twaliona jina hilo kuwa na maana kubwa. Vyombo viwili vimewekwa bega kwa bega katika mkono wa mtu mmoja, na yeye mwenyewe bado hajaamua kipi atakitua. Jacques Cousteau naye alianza na chusa. Yeye na mhandisi Émile Gagnan walipotengeneza, mwaka 1943, chombo cha kumgawia mzamiaji hewa ya mtungi kwa kadiri ya pumzi yake, bahari ilifunguka kwa kila mwenye mapafu na fedha kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vyama vya wazamiaji vilichipua kila mahali, na pamoja navyo mashindano ya kupiga samaki. Katika mashindano hayo mshindi alijulikana kwa mizani: samaki walitandazwa ufukoni, wakapimwa, na aliyeleta uzito mkubwa akavishwa taji. Wa kwanza kupungua walikuwa chewa wakubwa, kwa kuwa chewa ni samaki wa pango moja, mzito wa mwendo, ambaye hutoka kumtazama mgeni badala ya kumkimbia. Wazamiaji waliokuwa wakirudi pango lile lile mwaka hata mwaka walianza kulikuta tupu. Isitoshe, chini kule rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa na maji. Kufikia mita 10 karibu imekwisha, na zaidi ya hapo damu ya samaki aliyepigwa huonekana ya kijani. Mtu aliyekwisha kuiona damu ya kijani ikimtoka kiumbe aliyekuja kumtazama, si ajabu akaanza kufikiri juu ya kamera.

Huko Uingereza mashindano ya picha za chini ya maji yalianza mwaka 1965. Miaka miwili baadaye, 1967, Colin Doeg na Peter Scoones waliasisi Chama cha Wapiga Picha Chini ya Maji cha Uingereza, nacho kingali hai. Haja iliyokizaa ilikuwa ya mikono kabla ya kuwa ya sanaa. Kamera ndogo isiyohitaji kasha, iliyotokana na ubunifu wa Mbelgiji Jean de Wouters, ilikuwa imekwisha kuingia sokoni kwa jina la Nikonos mwaka 1963. Lakini aliyetaka kutumia kamera nyingine alilazimika kujitengenezea kasha lake mwenyewe kwa plastiki ngumu na mipira ya kuzibia, na kila kasha lilikuwa na njia yake ya kuvuja. Anayejua sababu ya kasha lake kuvuja anamfaa mwenzake kuliko kitabu. Basi wanachama walikutana London mwezi hata mwezi, wakiwa na makasha na taa zao mikononi, wakaonyeshana slaidi na kuambizana makosa yao. Chama kilitoa na gazeti lake.

Inafaa kueleza ni makosa gani, maana hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi yenyewe. Kwanza, maji hudanganya jicho: kitu kilicho mita 4 huonekana kama kipo mita 3, na huonekana kikubwa kwa kadiri ya theluthi moja zaidi. Pili, kwa sababu ya kufa kwa rangi tulikokutaja, mpiga picha lazima ashuke na taa yake, kama mtu aendaye msikitini alfajiri. La sivyo kila kitu kitatoka buluu. Tatu, taa hiyo ikiwekwa karibu mno na lenzi, huangaza kila chembe ya uchafu iliyo baina yake na samaki, na picha ikatoka kama imenyeshewa unga. Dawa ni kuiweka taa pembeni, mkono umenyooshwa, na kusogea karibu, karibu sana, hata maji yaliyo baina ya kioo na samaki yawe machache. Kusogea huko ndiko kunakomtenga fundi na mwanafunzi. Chusa hurushwa kutoka mbali. Kamera yataka samaki akuridhie.

Tena palikuwa na jambo la filamu. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na hakuna mtu awezaye kufungua kasha chini ya maji ili abadilishe. Mzamiaji alishuka na nafasi 36, akazitumia zote au akazihifadhi, lakini hakupata ya 37. Sisi tuliozoea kutunga beti kwa mizani kumi na sita twaelewa faida ya kibano cha namna hiyo. Nafasi zikiwa na idadi, mtu hufikiri kabla ya kupiga.

Sasa tuje kwenye mashindano yao. Liko moja wanalolifanya kila mwaka ambalo lilituvutia kuliko yote. Wanachama walikusanyika ufukoni asubuhi, wakazama siku ile ile katika maji yale yale, wakatoka na filamu zao; filamu zikasafishwa papo hapo mchana, na jioni picha zikatupwa kwenye kitambaa cheupe mbele ya kadamnasi, watu wakapiga kura, mshindi akajulikana kabla ya kulala. Hakuna aliyeweza kuleta picha ya mwaka juzi aliyoipiga katika bahari ya joto kwa gharama kubwa. Tajiri na mwalimu wa shule walipewa ukungu ule ule. Aliyejua kumtafuta kaa mdogo chini ya jani la mwani alimshinda mwenye kamera ya thamani aliyekuwa akitafuta maajabu. Wakaongeza na fungu la picha za kuchekesha, jambo ambalo twalisifu. Mashindano yasiyo na kicheko hugeuka ugomvi.

Mwenye kuyajua malumbano yetu ataona undugu hapa. Katika malumbano ya papo kwa papo mshairi hupewa kina mbele ya watu, na shairi alilolihifadhi nyumbani halimfai kitu. Kinachopimwa ni ufundi wa mtu pamoja na uaminifu wake, na anayepima ni hadhira yenye ujuzi. Palipo na ushindani wa kuleta kazi kutoka mbali, ambayo hakuna aliyeiona ikifanyika, hapo vishawishi huingia. Wapiga picha chini ya maji wamevijua vishawishi hivyo na wamevizungumza wenyewe bila kuficha: wako waliomhamisha farasi wa bahari kutoka katika mwani wake wakampachika mahali penye rangi ya kupendeza, wako waliovunja tumbawe kwa mapezi yao ya miguuni wakiwania kusogea, na wako waliomshika bunju mikononi na kumsumbua hata akavimba, kisha wakampiga picha akiwa kama mpira wenye miiba. Kwa ajili hiyo shindano kubwa la kila mwaka la Mpiga Picha Bora wa Chini ya Maji, lililofufuliwa Uingereza mwaka 2014 likijihesabu kuwa mrithi wa lile la 1965, huikataa picha iliyopatikana kwa kumtesa kiumbe. Hukumu yenyewe si nyepesi, kwani waamuzi huiona picha tu, hawakuwamo majini.

Kuhusu bunju tunayo habari ya kusimulia. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa karani kijana mjini Tanga, alipita mgeni mmoja mzamiaji aliyeomba ukumbi ili awaonyeshe wananchi slaidi za bahari yao wenyewe. Tulitumwa kuwa mkalimani. Siku zile milipuko ya baruti ya wavuvi haramu ilisikika hata madirishani mwa ofisi, ingawa sheria ilikuwa imeikataza zamani, na tulidhani watu hawatakuja. Walikuja, na safu ya mbele wakakaa wazee wa uvuvi. Taa zilipozimwa hatukupata nafasi ya kukalimani. Kila samaki aliyetokea, wazee walimtaja jina kabla mgeni hajafungua kinywa: changu, tasi, kolekole, kangaja. Mgeni alikuwa na majina ya Kilatini. Wao walikuwa na jina la samaki, na jina la mwamba anaokaa, na msimu anaonona.

Akatokea bunju, amevimba, macho yamemtoka. Watoto walishangilia. Mzee mmoja hakushangilia, alitugeukia akasema, "Mwanangu, muulize mgeni wetu, huyu samaki walimfanya nini?" Tulisita, kwani swali lilikuwa na makali, na sisi tulikuwa tumeagizwa kumstahi mgeni. Mzee akaendelea taratibu kwamba bunju hajivimbishi bure, na kwamba yeye amekaa na bunju majini miaka arobaini na hajapata kumwona amevimba isipokuwa ameshikwa, au yumo kinywani mwa adui, au yumo wavuni. Tukatafsiri. Mgeni alinyamaza kitambo. Kisha akakiri kwamba mwenziwe ndiye aliyemshika, naye akapiga picha. Akaitoa slaidi ile katika mashine, akaitia mfukoni mwa shati, akaendelea na nyingine. Mpaka leo hatujamwona mwamuzi wa mashindano aliyetoa hukumu safi kuliko ile.

Tumeahidi kumweleza mwanzilishi wa chama aliyefika katika bahari yetu. Ni Peter Scoones, na alichokifuata ni samaki ambaye Wakomoro humwita gombesa na ambaye kwetu amezoeleka kwa jina la silikanti. Wataalamu walidhani samaki wa ukoo huo walikwisha toweka tangu zama za kale kabisa, hata alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini mwaka 1938. Profesa J. L. B. Smith akaanza kumtafuta wa pili kwa kutawanya karatasi zenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Karatasi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hapakuwa na neno hata moja la Kiswahili wala la Kikomoro. Mwaka 1952, Unguja, mkewe Margaret Smith alimkabidhi nahodha Eric Hunt karatasi hizo azichukue hadi Komoro, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo mvuvi Ahmadi Abdallah akamvua silikanti karibu na Domoni, kisiwani Nzwani. Ulimwengu wa elimu ukashtuka. Wavuvi wa Nzwani hawakushtuka. Samaki huyo walikuwa wakimvua mara kwa mara kwa mishipi yao mirefu ya usiku, wala hawakumthamini sana kwa kuliwa. Elimu ilikuwa imeuliza kwa lugha tatu, ikaacha zile mbili za wenye jibu.

Scoones alimpiga silikanti filamu ya sinema huko Komoro kwa ajili ya mfululizo wa Life on Earth uliotolewa mwaka 1979, naye ni wa kwanza kumwonyesha ulimwengu samaki huyo akiwa hai. Lakini yafaa tuseme kweli yote: yule alikuwa samaki aliyekwisha vuliwa na mvuvi, amepandishwa kutoka vilindini, nguvu zimemwishia. Picha ilikuwa ya kweli, na mbele ya kamera kiumbe alikuwa akifa. Hatumlaumu mpiga picha, kwani hapakuwa na njia nyingine kwa mzamiaji wa mtungi. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1987, Mjerumani Hans Fricke aliposhuka kwa nyambizi ndogo katika maji ya Ngazidja akawapiga picha silikanti katika makao yao wenyewe, bila kuwagusa. Hapo ndipo ilipobainika kosa la miaka mingi. Kwa kuwatazama waliokufa, Profesa Smith alikuwa ameamini kwamba samaki huyu hutambaa sakafuni mwa bahari kwa mapezi yake manene kama miguu. Picha za walio hai zilionyesha kwamba hatambai kamwe. Huelea, akiyapunga mapezi yake kwa zamu, na pengine husimama kichwa chini mkia juu. Samaki wa mezani alikuwa amewadanganya wataalamu kwa karibu nusu karne.

Baadaye silikanti walianza kunaswa na sisi, tangu mwaka 2003, katika nyavu zilizotegwa maji marefu upande wa Kilwa na kisha Tanga; na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, Tanga. Wengi tuliowaona walikuwa ufukoni, wamelala juu ya mchanga au turubai, watu wamewazunguka.

Maji yetu yameshinda mashindano makubwa, jambo ambalo si wengi wetu tulioliadhimisha. Mwaka 2021, katika mashindano ya picha za viumbe yanayoandaliwa na Makumbusho ya Historia ya Viumbe ya London, Mhispania Ángel Fitor alipata tuzo kwa mkusanyo wa picha za samaki wadogo wa ukoo wa perege katika Ziwa Tanganyika. Katika picha mojawapo madume wawili wameshikana taya kwa taya wakigombea koa la konokono. Wakazi wa ufuko wa ziwa lile wangeweza kumweleza mambo ya samaki hao tangu asubuhi hadi jioni.

Sisi kwa hiyo twapendekeza chama cha namna hii kianzishwe katika pwani yetu, na twalisema hilo tukijua gharama zake. Kamera za sasa hazina filamu wala kikomo cha picha 36. Basi kikomo na kiwekwe na sheria ya mashindano, kila mtu arudi na picha thelathini na sita na asifute hata moja. Siku ichaguliwe kwa kalenda ya wavuvi wala si ya ofisi: katika kaskazi, maji yanapokuwa meupe, na katika maji mafu, mkondo unapolegea, kwani siku ya bamvua mkondo humchukua mzamiaji na mchanga ukatimka. Wazame asubuhi na mapema, kabla upepo haujashika. Picha zionyeshwe jioni ile ile, kijijini, juu ya kitambaa cha tanga kama hapana kingine, na chini ya kila picha liandikwe jina la samaki kama anavyoitwa mahali pale, kwani changu wa Tanga ana jina jingine akifika Lamu.

Waamuzi wawe watatu: mpiga picha mmoja, mtaalamu mmoja wa elimu ya bahari, na mzee mmoja wa uvuvi, na huyo wa tatu awe na haki ya kuikataa picha peke yake. Mzee yule wa ukumbini Tanga amekwisha fariki. Wanawe wangali wanavua.